WITCH, bendi ya roki ya Kitwe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ninapowapigia watu muziki wa WITCH, maswali ni yaleyale. Wa kwanza atauliza kama hao ni Wazungu. Wa pili atataka kujua imekuwaje hajawahi kuwasikia, ilhali Zambia ni hapo tu, ukivuka Tunduma umeshafika. Mimi nimekulia Mbeya, na mjomba wangu alikuwa utingo wa malori ya kwenda Ndola. Kaseti ya kwanza ya bendi hii kuingia masikioni mwangu ilitoka ndani ya lori lile, imeandikwa "Kitwe" kwa kalamu ya wino wa buluu, bila jina la bendi wala la wimbo. Ilinichukua miaka mingi kujua nilikuwa nasikiliza nini. Majibu haya nimeyaandika kwa ajili ya wale ambao hawakuwa na mjomba wa aina hiyo.

WITCH ni akina nani hasa?

Ni bendi ya roki nzito iliyozaliwa Kitwe, katika Ukanda wa Shaba wa Zambia, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwimbaji alikuwa Emmanuel Chanda, ambaye nchi nzima ilimjua kwa jina la Jagari. Chris Mbewe alishika gitaa la solo, John Muma gitaa la ridhimu, Gideon Mwamulenga besi, na Boidi Sinkala akakaa kwenye dramu. Paul Mumba alikuja kuongeza kinanda. Kufikia 1977 walikuwa wameshatoa albamu tano, na katika miaka hiyo ilikuwa vigumu kuitaja bendi nyingine ya Zambia iliyopendwa na vijana kuwashinda.

Jina lina maana gani? Walikuwa na mambo ya ushirikina?

Hapana. WITCH ni herufi za mwanzo za We Intend To Cause Havoc, yaani tumedhamiria kuleta vurumai. Lakini ukiliona kwenye bango unalisoma "mchawi", na vijana wenyewe walilijua hilo vizuri. Katika jamii ambamo neno hilo likimwangukia mzee linaweza kumhamisha kijiji, kulibeba hadharani na kuliandika kwenye ngozi ya dramu ulikuwa ujasiri wa vijana wa mjini. Nyimbo zenyewe zinazungumzia mapenzi, nyumbani, upweke na ndoto za kutisha. Mganga hayumo.

Kwa nini Kitwe, na si Lusaka mji mkuu?

Kwa sababu mshahara ulikuwa Kitwe. Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964 ikiwa moja ya nchi zinazozalisha shaba nyingi zaidi duniani, na zaidi ya asilimia 90 ya pesa za kigeni ilizopata zilitokana na shaba hiyo. Kitwe, Ndola, Mufulira, Chingola na Luanshya ilikuwa miji ya mgodi: ina umeme, ina mabomba, ina kumbi za burudani, na mwisho wa mwezi inakuwa na maelfu ya watu wenye noti mfukoni na hamu ya kustarehe. Wafanyakazi walitoka pande zote za Zambia na nchi jirani. Watoto wao walikutana katika shule za sekondari, wakazungumza Kibemba cha mjini na Kiingereza cha darasani, na wakaanza kuvaa suruali pana ambazo wazazi wao hawakuzielewa.

Muziki uliingia kwa milango mingi. Mafundi wa Kizungu wa migodini walikuja na santuri zao. Redio ya Lourenço Marques, Maputo ya leo, ilisikika usiku, ikileta Rolling Stones, Hendrix, James Brown. Na upande wa pili wa mpaka kulikuwa na Lubumbashi, mji wa shaba kama Kitwe, ambako watu wanazungumza Kiswahili chao na rumba haizimwi. Kijana wa Kitwe alilala huku sikio moja likiwa Kongo na lingine London. Bendi za shule zilianza kwa kunakili nyimbo za nje neno kwa neno, na Jagari mwenyewe alipitia hatua hiyo kabla ya WITCH.

Ni kweli serikali iliamuru redio ipige muziki wa Zambia tu?

Karibu yote. Rais Kenneth Kaunda, ambaye mwenyewe alikuwa anapiga gitaa na kuimba, alielekeza kwamba asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Wazambia. Hapo kunakili nyimbo za nje kukawa hakuna maana, kwani bendi isiyo na tungo zake haikuwa na la kupeleka redioni. Wengine walirudi kwenye ngoma za vijijini. Vijana wa Ukanda wa Shaba walichukua gitaa la umeme ambalo walikuwa tayari wanalipenda, wakalitungia nyimbo zao. Muziki huo ukaitwa Zamrock, jina linalohusishwa na mtangazaji Manasseh Phiri.

Mimi huwa sipendi serikali kuingilia muziki, na bado nakiri kwamba agizo hili lilizaa matunda. Lilifanya kazi kwa sababu lilikuta bendi zipo, vyombo vipo na wanunuzi wapo. Miaka michache baadaye vitu hivyo vitatu vilikuwa vinatoweka, na asilimia 95 haikuweza kumwokoa mtu.

Muziki wao unasikikaje?

Kwa mtu aliyezoea dansi letu, mshtuko wa kwanza ni gitaa la Chris Mbewe. Katika rumba gitaa la solo ni safi, kila noti unaihesabu kama shanga. Mbewe alikuwa anapitisha sauti ya gitaa kwenye kiboksi kidogo kinachokanyagwa kwa mguu. Ndani yake umeme wa gitaa unakuzwa kupita kiasi mpaka vilele vya mawimbi yake vinakatwa, na kinachotoka ni mkwaruzo mzito, kama nyuki kwenye debe. Pedali nyingine, ile ya wawa, ina kanyagio linalopanda na kushuka: ukilikandamiza sauti inakuwa nyembamba, ukiliachia inajaa, na gitaa linaanza kufanya kama mdomo unaofunguka na kufumba. Mbewe aliyatumia yote mawili.

Chini yake kuna kitu ambacho hutakikuta kwa Waingereza. Msikilize Boidi Sinkala. Hapigi kama mtu anayeponda mawe, anacheza. Vigoma vidogo vinazungumza katikati ya mapigo makubwa, na besi ya Mwamulenga inazunguka kama besi ya watu waliokulia kwenye ngoma. Ndiyo maana wimbo wa WITCH unaweza kuuchezea kiuno hata pale gitaa linapounguruma.

Sauti ya Jagari si kubwa, na haipigi kelele. Mara nyingi inakuwa nyuma kidogo ya vyombo, kama ya mtu anayeimba chumba cha pili. Rekodi zilifanywa kwa vifaa vichache na muda mfupi, na unasikia hilo. Kuna mahali bendi inakimbia kidogo, inajirudi, inaendelea. Nimesikia watu wakiomba radhi kwa niaba ya rekodi hizo. Mimi sioni cha kuombewa radhi. Unasikia vijana sita kwenye chumba kimoja wakisikilizana.

Jagari ni jina la Kibemba?

Ni Mick Jagger aliyepewa irabu. Mashabiki walimwona Chanda anavyoruka jukwaani wakamwita kwa jina la mwimbaji wa Rolling Stones, nalo likatamkwa kama watu wa kwetu wanavyotamka: Jagari. Maonyesho yao yalianza jioni na kwenda masaa mengi, na yeye alikuwa anapanda juu ya roshani ya ukumbi na kujirusha chini. Polisi waliwekwa kuzuia watu waliokosa nafasi ya kuingia.

Nianze na albamu ipi?

Hapa nitakuwa na upendeleo, mnisamehe.

Watu wengi wataanza na Introduction kwa sababu ndiyo ya kwanza, na wengi huitaja kama albamu ndefu ya kwanza kuuzwa na bendi ya Zambia. Bendi iliisimamia yenyewe na kuiuza kwenye maonyesho yake. Ina wimbo Home Town, ambao nadhani ndio uliomfanya mjomba aitunze ile kaseti. Ni wimbo mpole wa mtu aliye mbali na kwao. Kwa dereva aliyelala Kapiri Mposhi siku tatu akingoja karatasi za mzigo, hauhitaji tafsiri.

In the Past ya 1974 ni nzito zaidi na yenye kujiamini zaidi. Usikilize Living in the Past kwanza.

Lakini mimi nikiulizwa moja tu, nitakupa Lazy Bones!! ya 1975. Albamu hiyo yote ni yao, haina hata dalili ya bendi inayonakili mtu. Inafunguka na Black Tears, na kuanzia hapo haitoki kwenye kivuli chake. Strange Dream ina gitaa linalorudia fungu fupi la noti mpaka unahisi ndoto yenyewe imekukalia kifuani. Magitaa mawili ya Mbewe na Muma hayashindani. Moja likipanda, lingine linashika chini. Ni muziki wa huzuni uliopigwa na vijana wenye nguvu. Na 1975 ndio mwaka ambao Zambia yenyewe ilianza kuugua, ingawa sitaki kumwekea mtunzi maneno mdomoni.

Lukombo Vibes ya 1976 inarudi karibu na ngoma za nyumbani, na Thou Shalt Not Cry ni moja ya nyimbo zao nzuri kupita zote. Ile ya 1977, yenye wimbo Janet uliopendwa sana, ni laini zaidi. Ukiipenda Janet peke yake hutakuwa umekosea, ila utakuwa hujawajua.

Waliimba kwa lugha gani? Kuna Kiswahili?

Kiingereza kwa sehemu kubwa, hasa albamu za mwanzo, kisha lugha za Zambia zikaongezeka. Kiswahili sijakisikia kwao. Lakini msikilizaji wa Kiswahili ana faida ya kuzaliwa nayo: Kibemba na Kinyanja ni ndugu wa lugha yetu, na baada ya kusikiliza mara tatu nne maneno yanaanza kujitambulisha yenyewe.

Walikuwa peke yao?

La hasha. Paul Ngozi na kundi lake la Ngozi Family walikuwa wakali kuliko WITCH, na Ngozi aliimba kwa lugha za nyumbani kuhusu ulevi, ndoa na shida za mtaani, kwa hiyo mtu wa kawaida alimwelewa moja kwa moja. Amanaz walitoa albamu moja, Africa, 1975, ambayo watu wengi wanaiweka juu ya zote. Kuna Chrissy Zebby Tembo, kuna Keith Mlevhu. Na kuna Musi-O-Tunya ya Rikki Ililonga, ambayo watu wa Afrika Mashariki wanapaswa kuijua, kwani bendi hiyo iliishi na kufanya kazi Nairobi. Mji ulikuwa na studio na soko la santuri ambalo Zambia ilikuwa haijafikia.

Mbona Tanzania hatukuwa na bendi kama hizi?

Swali hili naulizwa zaidi na vijana wa Dar, na huwa wanaliuliza kwa uchungu kidogo.

Tulikuwa na vijana wenye magitaa ya umeme na hamu ileile. Lakini mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam, na mavazi ya vijana wa mjini yakawa jambo la kukamatana barabarani. Bendi zetu kubwa zilikuwa chini ya taasisi: NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, nyingine za polisi, za jeshi, za mashirika ya umma. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, na gitaa lilikuwa mali ya mwajiri. Kurekodi kulifanyika Redio Tanzania, na nyimbo zikabaki kwenye mikanda ya redio badala ya kuwa santuri ambayo kijana angeinunua na kwenda nayo nyumbani. Mpango huo ulitupa dansi letu, ambalo sitalibadilisha na chochote. Ila haukuacha nafasi kwa vijana sita wasio na bosi kukanyaga pedali na kujiita Mchawi. Aliyekaribia zaidi, kwa sikio langu, ni Patrick Balisidya na Afro 70. Lile gitaa lake lilikuwa na njaa ya kwenda mbali.

Basi nini kiliwazima?

Jibu la haraka utakalolikuta kila mahali ni disko. Ni kweli, lakini disko lilikuja kuzika mtu aliyekwisha kufa.

Anza na shaba. Mwezi Aprili 1974 bei ya shaba London ilikuwa juu kuliko wakati wowote uliotangulia. Kufikia mwisho wa mwaka huohuo ilikuwa imeporomoka chini ya nusu, na mwaka 1975 haikuinuka. Wakati huohuo bei ya mafuta ilikuwa imepanda tangu mwishoni mwa 1973. Nchi iliyokuwa inauza kitu kimoja na kununua karibu kila kitu kingine ikabanwa pande zote mbili.

Sasa tazama bendi ya roki inaundwa na nini. Nyuzi za gitaa zinatoka nje. Pedali zinatoka nje. Valvu za amplifaya, spika, ngozi za dramu, vipaza sauti, malighafi ya kutengenezea santuri: vyote vinahitaji pesa za kigeni. Mpiga marimba akikosa ubao anakwenda porini. Mpiga gitaa la umeme aliyeunguza spika anakwenda kwa mhindi wa duka, mhindi anakwenda benki kuomba kibali, benki inasema hakuna fedha. Roki nzito, kuliko muziki wowote niujuao, inategemea duka lenye bidhaa. Na yule mchimbaji aliyekuwa anajaza ukumbi mwisho wa mwezi, sasa anapanga foleni ya sukari na mafuta ya kupikia.

Kisha vita. Zambia iliwapokea wapigania uhuru wa nchi za jirani, na ilizungukwa na moto: Angola, Msumbiji, Rhodesia (Zimbabwe ya leo), Namibia. Mpaka na Rhodesia ulifungwa 1973, na hapo ndipo njia ya Dar es Salaam, kwa lori na baadaye kwa reli ya TAZARA, ikawa koo la nchi. Ndege na makomando wa Rhodesia walishambulia ndani ya Zambia. Mwaka 1979 walilipua hata madaraja ya Mto Chambeshi, na treni zetu zikakwama. Usiku taa zilizimwa kwa hofu ya mabomu, watu wakakatazwa kutembea. Muziki huu ulikuwa muziki wa usiku. Maonyesho yakahamishiwa mchana, vijana wakaja baada ya shule na kurudi nyumbani kabla ya giza. Fikiria bendi iliyozoea kupiga hadi saa nane za usiku, mwimbaji wake anaruka kutoka roshani, sasa inapiga saa tisa alasiri na jua linaingia dirishani.

Halafu ndiyo likaja disko. Mwenye ukumbi alifanya hesabu yake: mashine moja na kijana mmoja wa kubadilisha sahani, dhidi ya watu sita wanaokula, wanaosafiri na kubeba amplifaya. Kaseti za kurudufu zikaua mauzo ya santuri. Na watu wa kawaida wakaanza kupenda kalindula, muziki wenye asili ya Luapula, ambao ulikuwa unawasemesha kwa lugha zao na haukuhitaji nusu ya vyombo.

Bendi ilivunjika mwaka gani?

Hakuna siku unayoweza kuiwekea alama. Jagari aliondoka baada ya albamu ya 1977, akaenda kusomea kazi ya ualimu, maana alikuwa na familia na muziki haukuwa unalipa tena. Waliobaki waliendelea. Patrick Mwondela aliingia na kinanda chake, na jina la WITCH likatoa Movin' On mwaka 1980 na Kuomboka mwaka 1984, hii ya pili ikichukua jina la sherehe ya Walozi ya kumhamisha mfalme wao mafuriko yanapojaa. Ni muziki wa kuchezea disko, umepigwa vizuri sana, na kuna watu wanaoupenda kuliko ule wa kwanza. Mimi nausikiliza kama bendi nyingine yenye jina la zamani.

Ni kweli wote walikufa?

Kati ya waasisi, kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 alikuwa amebaki Jagari peke yake. Mbewe, Muma, Mwamulenga, Sinkala, wote wameondoka, na hakuna aliyefika uzeeni.

Zambia ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa UKIMWI mwaka 1984, na ugonjwa huo ulipita katika kizazi cha wanamuziki wa Ukanda wa Shaba kama moto wa kiangazi. Sitaandika nani alikufa kwa nini; hilo ni la familia zao. Nitasema tu tulichopoteza sisi wengine. Bendi nyingi za zamani duniani hufifia, wanachama wanazeeka, watu wanawatafuta, wanapanda tena jukwaani na nywele nyeupe, wanasimulia. Zamrock ilinyimwa hatua hiyo. Ukitaka kumuuliza Boidi Sinkala alijifunzia wapi ule mkono wa kushoto, umechelewa.

Jagari alifanya nini miaka yote hiyo?

Alifundisha, akaokoka, na baadaye akaingia kwenye uchimbaji mdogo wa vito. Mtu aliyekuwa nyota mkubwa wa roki Zambia alikuwa shimoni na sururu akitafuta amethisti. Watu wakisikia hilo huona aibu kwa niaba yake. Sioni kwa nini. Alikulia Kitwe. Kuchimba ni kazi aliyokulia karibu nayo, na alilea familia yake kwa jasho halali.

WITCH ilirudi vipi masikioni mwa watu?

Kwa santuri. Nakala za asili zilikuwa chache tangu mwanzo, na wapenzi wa muziki wa Ulaya na Marekani walianza kuzitafuta kwa bei kubwa. Kampuni ya Now-Again ya Marekani ilimtafuta Jagari, ikatoa upya albamu tano za kwanza za bendi, na mwaka 2012 ikaziweka pamoja katika kasha moja. Baadaye Mtaliano, Gio Arlotta, alimfuata Jagari Zambia na kutengeneza filamu ya maisha yake iliyotoka 2019. Katika safari hiyo ikaundwa bendi mpya, wakiwemo vijana wa Ulaya kama Jacco Gardner kwenye besi, na Patrick Mwondela akarudi kwenye kinanda.

Mwaka 2023 ilitoka Zango, albamu mpya ya kwanza kwa miaka 39, iliyorekodiwa Lusaka. Sampa the Great, msanii mzaliwa wa Zambia, anasikika humo katika Avalanche of Love. Sogolo ikafuata 2025. Kwa Kinyanja neno hilo ni mambo ya mbele, yajayo. Waimbaji Hanna Tembo na Theresa Ng'ambi wamempa Jagari kitu ambacho bendi ya kwanza haikuwa nacho: sauti za wanawake zinazomjibu.

Hiyo bendi ya sasa ni WITCH kweli?

Mwimbaji ndiye, jina ndilo, nyimbo ndizo. Gitaa la Mbewe halimo, na halitakuwamo. Nimewatazama kwenye video wakipiga nyimbo za Lazy Bones!! mbele ya vijana wa Ulaya wanaoimba kila neno, na mzee anacheza kama hana goti. Nililia, na sikuweza kupambanua kama ni kwa furaha. Wimbo Home Town anaouimba sasa akiwa na miaka zaidi ya 70 ni wimbo mwingine kabisa.

Kinachonisumbua ni kwamba vijana wa Tunduma, na wa Nakonde ng'ambo ya mpaka, wamewajua kupitia London. Basi wapigieni wenzenu. Iko kwenye simu zenu, haigharimu zaidi ya bando.

Nimekuta santuri za zamani za Zambia kwa babu. Nifanye nini?

Kwanza usiziuze kwa mtu wa kwanza atakayekuja na noti mkononi. Ziweke wima, kama vitabu, mbali na jua na mbali na bati la dari. Zikilazwa moja juu ya nyingine zinapinda. Futa vumbi kwa kitambaa laini, ukifuata mzunguko wa mistari, usikate katikati. Usitupe ganda hata kama limeliwa na mende, kwa sababu majina ya wapigaji mara nyingi yameandikwa hapo na si kwingine. Kama kuna maandishi ya kalamu, jina la mwenye nayo, tarehe, mji aliponunua, yaache yalivyo. Wafanyakazi wengi wa TAZARA na madereva walirudi na vitu hivi masandukuni, na naamini bado vipo Mbeya, Makambako, Mlimba na Dar kwenye nyumba ambazo hakuna anayejua thamani yake.

Kaseti nazo msizidharau. Ile ya mjomba ninayo. Mkanda ulikatika mara moja, katikati ya Home Town, nikauunga kwa kipande chembamba cha gundi ya karatasi. Ukifika hapo sauti inapotea kwa muda wa pumzi moja, kisha Jagari anaendelea.